Skrini Nyuma ya Nguzo

Siku Kitinda alipoanza mafunzo ya kazi katika kampuni ya simu, mjomba wake alimpigia mara mbili kabla hajafika hata getini. Mara ya kwanza alitaka kujua kama ameamka. Mara ya pili alitaka kumkumbusha kwamba nafasi ile haikuokotwa njiani.

"Nimeongea na watu," mjomba alisema. "Nimepiga magoti kwa ajili yako. Usije ukaniangusha."

"Sitakuangusha, mjomba."

"Ukiambiwa fanya, fanya. Usiulize ulize. Wewe una ugonjwa wa kuuliza."

Kitinda alikuwa binti, kitinda mimba wa fundi cherehani, na jina hilo lilimganda tangu utotoni hata majirani walisahau kama ana jingine. Chuoni alisomea uendeshaji wa biashara, na chuo kilimtaka kila mwanafunzi atumie likizo moja ndani ya kampuni ya kweli, ayaone kwa macho yale aliyoyasoma vitabuni. Kitinda alikuwa ameyasoma sana. Angeweza kukuchorea bila kutazama popote jinsi wazo linavyotoka chini likapanda juu, na jinsi uamuzi unavyotoka juu ukashuka chini. Katika mchoro wake mishale yote ilikuwa inakwenda.

Alipangiwa idara ya huduma kwa wateja, ghorofa ya nne. Meneja wake alikuwa mama mrefu, nadhifu, mwenye viatu visivyotoa sauti. Wafanyakazi walimwita Mama Mkakati, kisirisiri, kwa sababu hakuwahi kumaliza sentensi mbili bila kulitaja neno hilo. Alimpokea Kitinda kwa bashasha, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibu sana, mwanangu. Sisi hapa tuna mkakati wa kukuza vijana. Kesho tutakaa chini, mimi na wewe, tupange utafanya nini."

Kesho hiyo haikufika. Keshokutwa Mama Mkakati alikuwa na kikao. Siku iliyofuata alikuwa na kikao cha kujiandaa na kikao. Kitinda hakuwa hata na kiti. Kila asubuhi alitazama nani hajafika, nani anaumwa, nani yuko likizo, akakalia nafasi ya huyo mpaka mwenyewe atokee na kusimama nyuma yake akikohoa kwa adabu. Hapo alikusanya vitu vyake na kuhama, kama paka anayehamisha watoto wake. Jina lake hakuna aliyeuliza. Walimwita Mgeni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Pale siku ya tatu ilipita, wiki ikapita, jembe halikuonekana. Alipoomba kazi aliambiwa awatazame wenzake wanavyofanya. Akawatazama. Wenzake nao walikuwa wanaitazama saa.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine kabisa. Mama yake alimweleza kila mteja aliyekuja kupimwa nguo kwamba mwanawe mdogo yuko kampuni ya simu, ghorofani, anapanda lifti. Jirani alileta simu yake iliyokataa kuwaka ili Kitinda aende nayo ofisini. Binamu wa mbali, ambaye hawakuwahi kusalimiana hata msibani, alituma ujumbe kuuliza kama kuna nafasi ya udereva.

"Waambie wasubiri," mama alisema huku anakanyaga cherehani. "Ndiyo kwanza umeingia."

"Mama, mimi mwenyewe sijaingia. Niko mlangoni tu, nimezuia hewa."

Mama alicheka, akadhani ni mzaha.

Kazi ya kwanza aliyopewa hatimaye ilikuwa ya rangi ya bluu. Mama Mkakati alikuwa anaandaa wasilisho la kumwonyesha Mkurugenzi, lenye kichwa cha habari "Mteja Kwanza", na Kitinda akaambiwa azipambe slaidi zake. Alifurahi kama mtu aliyepewa shamba. Alipanga maandishi, akachora vielelezo, akachagua bluu ya kampuni.

Mama Mkakati alizitazama akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. "Nzuri. Lakini bluu hii ina huzuni. Nataka bluu yenye matumaini."

Kitinda akaipauza. Ikawa na matumaini mno, kama ukuta wa chekechea. Akaikoza kidogo. Ikawa ya hospitali. Akaisogeza kuelekea kijani, akaambiwa kijani ni rangi ya washindani wetu, je anataka watu wafukuzwe kazi? Siku zikapita katika bluu. Mwisho, kwa uchovu, alirudisha ile ile ya mwanzo na kuipeleka bila kusema neno.

"Unaona sasa?" Mama Mkakati alisema, uso ukimng'aa. "Hii ndiyo niliyokuwa naitaka tangu mwanzo. Ukijua mkakati, huchelewi."

"Ndiyo, mama," Kitinda alijibu. Akaenda msalani, akafungua bomba na kuacha maji yamtiririkie viganjani mpaka moyo ulipotulia.

Wasilisho liliahirishwa, kwa kuwa Mkurugenzi alisafiri. Katika muda huo Mama Mkakati akaona kwamba slaidi zinahitaji takwimu, na takwimu zinahitaji dodoso, na dodoso linahitaji mtu wa kushuka nalo ukumbini kwa wateja. Hapo wote wakamkumbuka Mgeni.

Kitinda alilisoma dodoso akiwa amesimama mbele ya meza ya meneja. Kila swali lilikuwa na majibu ya kuchagua: nimeridhika, nimeridhika sana, nimeridhika kupita kiasi.

"Samahani, mama. Na yule ambaye hajaridhika?"

"Ataweka alama kwenye nimeridhika. Si unaona ndiyo ya chini kabisa?"

Kitinda alifungua mdomo, akamkumbuka mjomba, akaufunga.

Ukumbi wa wateja ulikuwa chini kabisa, unapoingia tu kutoka barabarani. Viti vyake vilikuwa vya chuma, vimeunganishwa safu kwa safu, kiasi kwamba mtu mnene akikaa mwanzo wa safu, aliye mwisho anahisi. Mlangoni palikuwa na mashine ya kutoa namba, na mlinzi wa makamo aliyesimama kando yake akiwabonyezea wasioweza. Ng'ambo ya vioo walikaa wahudumu. Watu walikuwa wamejaa pomoni. Wengine wamesimama, wengine wameshika tama, mtoto mmoja amelala kwenye beseni jipya ambalo bila shaka mama yake alilinunua asubuhi kabla hajajua siku itakwendaje.

Kitinda alimfuata mwanamke mmoja mwenye nywele zilizosukwa kwa ustadi mkubwa, aliyekuwa anajipepea kwa karatasi ya namba.

"Dada, samahani. Nina maswali machache kuhusu huduma yetu."

"Yenu nani?"

"Ya kampuni."

"Kwani wewe ndiye kampuni?"

"Hapana. Mimi ni mwanafunzi."

"Basi kaa hapa, mwanafunzi, nikufundishe."

Kitinda akakaa. Yule mwanamke alikuwa msusi. Simu yake ilimponyoka ikazama kwenye ndoo alipokuwa anamsuuza mteja nywele, na sasa alitaka laini yake irudishwe, maana wateja wake wote walikuwa humo. "Kila nikikaa hapa, kuna mtu ananipigia asinipate, anakwenda kwa mwingine. Na hii namba niliyoshika ni ya pili leo. Ya kwanza imenipita."

"Ulikuwa umetoka?"

"Nitoke niende wapi? Nilikuwa hapa hapa, macho kodo."

"Hukuiona ilipotokea kwenye skrini?"

"Skrini ipi?"

Kitinda aliinua mkono ili amwonyeshe, na mkono ukabaki hewani. Mbele yao palikuwa na nguzo nene iliyovikwa mbao za kung'aa, yenye picha ya familia inayocheka na maneno "Tupo Karibu Nawe". Skrini ya namba ilikuwa nyuma yake, ukutani. Mahali walipokaa ulionekana ukingo wake tu, mwembamba kama kucha.

Akahamia safu nyingine. Nguzo. Akaenda ya nyuma. Nguzo. Alizunguka ukumbi akikaa na kuinuka kama anayejaribu magodoro dukani, na watu wakimtazama. Ni viti vichache tu vya pembeni, upande wa kushoto, vilivyoiona skrini sawasawa, na hapo watu walikuwa wamebanana bega kwa bega. Kipaza sauti cha kuita namba kilikuwa bubu. Kwenye dirisha la pili mhudumu alibonyeza namba, akangoja huku ameegemeza shavu, akaona hakuna anayekuja, akabonyeza nyingine. Naye mwenye namba iliyopita, akija kushtuka, alirudi kwenye mashine na kuchukua mpya. Foleni ilikuwa inajila mkia.

"Iko hivi tangu lini?" alimwuliza mlinzi.

"Tangu walipoivisha hiyo nguzo. Nilisema. Wakaniambia niandike."

"Ukaandika?"

"Mimi mlinzi, mwanangu. Nimwandikie nani?"

Kitinda hakungoja lifti. Alipanda ngazi mbili mbili, akafika ghorofa ya nne anahema, akamweleza Mama Mkakati yote kwa pumzi moja: nguzo, skrini, msusi, dirisha la pili. Mama Mkakati alimsikiliza mpaka mwisho, kwa makini kabisa, jambo lililompa matumaini.

"Hoja nzuri sana, mwanangu. Iandike kama pendekezo."

Aliandika ukurasa mmoja. Ukarudi, ukihitaji usuli na malengo. Akaongeza usuli na malengo. Likarudi, likihitaji sehemu ya hatari zinazoweza kutokea. Kitinda alikaa kwenye kiti cha mtu aliyekuwa anaumwa jino, akawaza ni hatari gani inaweza kutokea skrini ikigeuzwa. Akaandika: "Wateja wataiona." Akafuta. Akaandika kitu kuhusu nyaya.

Kisha ikaja kwamba skrini ni ya idara ya teknolojia, ukuta ni wa idara ya majengo, na nguzo ni ya masoko. "Wateja ndio wetu," Mama Mkakati alisema, "kwa hiyo wengine lazima washirikishwe. Mkakati ni kushirikishana."

Basi Kitinda akawa kiguu na njia. Teknolojia walimwuliza kama skrini ni mbovu. Alisema ni nzima. Wakasema kama ni nzima, haiwahusu. Majengo walisema anayehusika na kuta yuko likizo, na aliyekaimu anahusika na sakafu. Kule masoko, kijana mmoja aliyevaa miwani mikubwa alibadilika rangi.

"Unataka kusema nguzo iondolewe?"

"Hapana, kaka. Skrini igeuke."

"Kwa sababu nguzo imeshinda tuzo."

Alipofika nyumbani jioni hiyo hakutaka kula. Alijitupa kwenye mkeka karibu na cherehani, akamsimulia mama yake kisa chote, akipiga mkeka kwa kiganja kila alipolitaja neno pendekezo.

Mama alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja. "Kwani hiyo skrini ina uzito gani?"

"Haina uzito. Imeshikwa na mkono wa chuma. Unalegeza nati, unaizungusha, unakaza."

"Si muizungushe, basi?"

Kitinda alitaka kumweleza kwa nini haiwezekani. Alianza, akaishia katikati. Sababu zote alizokuwa nazo zilikuwa majina ya idara.

Kesho yake, wakati wa mapumziko ya mchana, wakubwa walipokwenda kula, alimwomba mlinzi ngazi. Mlinzi alimtazama, akaitazama nguzo, akaenda stoo akarudi na ngazi na spana.

"Mimi sijaona kitu," alisema, huku ameishika ngazi kwa mikono yote miwili isitikisike.

Kitinda alipanda. Nati ilikuwa imekaza, ikamchubua kidole, kisha ikaachia. Alipoivuta skrini kutoka nyuma ya nguzo, shingo zote ukumbini ziligeuka pamoja nayo. Halafu mzee mmoja safu ya nyuma akasema taratibu, "Kumbe ilikuwepo."

Mchana ule namba zilikwenda kama shanga kwenye uzi. Watu waliinuka kabla mhudumu hajaondoa kidole kwenye kitufe. Msusi alipata laini yake, akatoka akiwa tayari amebandika simu sikioni. Mhudumu wa dirisha la pili aliomba maji ya kunywa. Kitinda alisimama karibu na mlango akitazama viti vinavyobaki wazi, na kwa mara ya kwanza tangu aingie kwenye kampuni ile, alijisikia ana kazi.

Asubuhi iliyofuata aliitwa. Ofisini kwa Mama Mkakati walikuwepo bwana wa teknolojia na yule wa majengo, ambaye kumbe likizo yake ilikuwa ya kukatishwa kama jambo ni kubwa.

"Nani aliidhinisha?" aliuliza bwana wa majengo.

"Hakuna. Nilipanda tu ngazi."

"Ungeanguka?"

"Sikuanguka."

"Hilo siyo jibu."

"Foleni iliisha," Kitinda alisema. "Mnaweza kushuka mkaangalie. Ni hapo chini tu."

Walitazamana. Hakuna aliyeshuka. Ilikubaliwa kwamba skrini irudishwe nyuma ya nguzo kwa muda, ili baadaye iweze kugeuzwa kwa kufuata utaratibu. Fundi wa teknolojia alitumwa. Kitinda alimwona akipanda ngazi ile ile, akalegeza nati ile ile. Shingo za watu zikaifuata skrini mpaka ilipopotea, kisha zikageukia sakafu.

Jioni mjomba alikuwa amekwisha fika nyumbani, amekaa kwenye kiti cha wateja, kofia gotini.

"Umepewa nafasi ukae utulie, wewe unapanda ngazi?"

"Kiti chenyewe sina, mjomba."

"Sikiliza. Aliyenisaidia amenipigia. Ameniuliza, huyu mpwa wako ni mtu wa namna gani? Nikakosa la kusema. Mimi, nimekosa la kusema."

Mama alinyoosha kitambaa mezani. "Kaka, kwani foleni ilipungua au haikupungua?"

"Hilo siyo suala."

"Ndivyo wanavyosema na kule," Kitinda alidakia.

Mjomba alishusha pumzi ndefu. Hasira ilimtoka, akabaki mtu mzima aliyechoka, aliyewahi kuomba kazi milango mingi na kujua kila mmoja unavyofungwa. "Nakuomba kitu kimoja. Malizia muda wako kimya kimya. Hiyo skrini usiiguse."

Kitinda aliahidi kwamba hataigusa, na kweli hakuigusa tena.

Lakini ukumbini alirudi. Dodoso lilikuwa bado halijajazwa, na kila alipokwenda nalo alikuta watu wale wale wenye namba zilizopita. Siku moja uvumilivu ulimwishia. Alikwenda akasimama kando ya nguzo, mahali ambapo skrini anaiona na watu wanamwona, akaanza kusoma kwa sauti. "Arobaini na tatu, dirisha la pili. Arobaini na nne, dirisha la kwanza." Watu wakaanza kuinuka. Akaendelea mpaka jioni. Kesho yake akaja tena.

Habari zilipanda ghorofani. Mama Mkakati alishuka kwa viatu vyake visivyosikika, akasimama nyuma yake muda, akitafuta ni utaratibu gani unaomkataza mtu kusimama na kusoma. Hakuupata.

"Basi," alisema hatimaye, "isiwe sauti ya sokoni."

Kitinda akawa kipaza sauti kilicho hai. Alijua ni kichekesho. Kampuni inayouza mawasiliano nchi nzima ilikuwa inategemea koo la mwanafunzi mmoja, kwa sababu haiwezi kulegeza nati. Alipowaza hivyo damu ilimchemka, na alipochemka alisoma kwa nguvu zaidi, na aliposoma kwa nguvu zaidi koo likachanika. Mlinzi alimletea maji ya uvuguvugu. Hayakusaidia sana.

Sauti ilikatika kabisa siku ile mhadhiri wake alipokuja kumkagua. Mhadhiri alipanda kwanza ghorofa ya nne, akanywa chai na Mama Mkakati, akaonyeshwa slaidi, akaisifu bluu. Kisha akashuka ukumbini na kalamu yake.

"Haya, binti. Nieleze unavyotumia nadharia katika kazi zako za kila siku."

Kitinda alikuwa na mengi ya kumweleza. Alivuta pumzi, akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kama mlango usiotiwa mafuta. Mhadhiri alitikisa kichwa kwa kuelewa, akaandika, "Anashirikiana vizuri na wateja," akaenda zake.

Kitinda alirudi kwenye nguzo. Namba zilikuwa zinapita na hakuna aliyekuwa anaziita. Alijaribu kuonyesha kwa vidole, lakini vidole havifiki sitini. Wakati huo mlango ukafunguliwa, akaingia msusi, amekunja ndita.

"Mwanafunzi, wenzako wamenisajili kama mwanamume," alisema. "Nikipiga simu kuuliza, wananiita kaka." Alipoona Kitinda anashika koo bila kujibu, aliitazama nguzo, akawatazama watu, akaelewa. Akaweka mkoba wake chini. "Sogea hapo."

Sauti ya msusi ilizoea kushindana na mashine za kukausha nywele. Alipoita sitini na moja, hata watu wa barabarani walijikagua mifukoni. Waliokaa karibu wakaipokea namba na kuipeleka nyuma, safu kwa safu, na mwenyewe akionekana anasinzia, jirani anamgusa bega. Muda si mrefu ukumbi mzima ulikuwa unaitana. Watu wakaanza kutaniana, kama abiria walioharibikiwa na gari njiani.

Katika kelele hizo ndipo alipoingia Mkurugenzi. Kwa kawaida alikwenda moja kwa moja kutoka maegesho mpaka ghorofa ya juu, asione mtu. Siku hiyo ndiyo hatimaye iliyopangwa kwa wasilisho la Mama Mkakati, na siku hiyo hiyo lifti ikagoma. Ilimbidi apitie ukumbini ili afuate ngazi. Alikuwa mtu mfupi, koti mkononi, jasho shingoni, na Mama Mkakati alikuwa ameshuka kumlaki akiwa na kompyuta kifuani.

"Kuna nini hapa? Mnada?"

"Chukua namba, kaka, ukae," msusi alimwambia bila kugeuka. "Sitini na nane."

Mlinzi alifumba macho. Mkurugenzi akasimama. Alimtazama msusi, akatazama watu wanavyopokezana namba, macho yake yakafuata mpaka kwenye nguzo, na nyuma ya nguzo.

"Mbona skrini imejificha huku? Igeuzeni."

Akaendelea na safari yake ya ngazi.

Zilitokea ngazi tatu, moja kutoka kila idara. Bwana wa majengo mwenyewe alishika spana. Kijana wa masoko alisaidia kuelekeza. Skrini ikageuka, ukumbi ukapiga makofi, na Mama Mkakati, aliyekuwa bado amekumbatia kompyuta yake, akasema kwa hisia za kweli, "Hayo ndiyo maono ya uongozi."

Kitinda alikuwa amesimama pale pale. Maneno yote yaliyostahili kusemwa yalimjaa kifuani, na koo halikuwa na hata moja la kutoa. Alitamani kulia, akatamani kucheka, akaishia kumchukulia msusi mkoba wake na kumpeleka dirisha la pili wamrudishie jinsia yake.

Siku zilizobaki zilikwenda kwenye slaidi mpya. Wasilisho la zamani liliwekwa pembeni, likaandaliwa jingine kuhusu mafanikio ya skrini, na mpiga picha akaitwa ili Mkurugenzi anyooshe kidole tena, maana mara ya kwanza hakuna aliyempiga. Picha ilizagaa. Mjomba alimtumia Kitinda picha hiyo, na maneno chini yake: "Umeona kiongozi? Neno moja tu. Jifunze." Kitinda alijibu kwamba amejifunza, kisha akaizima simu ili asije akaandika la pili.

Siku ya mwisho Mama Mkakati alimwita na, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akafunga mlango. Alikuwa amempa alama nzuri. Chini yake aliandika kwamba ana bidii, ila ajifunze kutoharakisha mambo.

"Najua unanionaje," alisema. "Unadhani ile nguzo sikuiona?"

Sauti ya Kitinda ilikuwa imeanza kurudi, lakini hakuwa na uhakika nayo.

"Niliandika walipoivisha mbao. Nikaandika tena. Ukiandika sana, mwanangu, unafika mahali unaona kuandika ndiyo kazi yenyewe." Alinyoosha karatasi mezani ambazo tayari zilikuwa zimenyooka. "Ukimaliza chuo, njoo. Nitakutafutia nafasi."

"Nitafikiria, mama," Kitinda alisema kwa sauti ya kukwaruza. Hilo lilimuudhi kuliko yote. Alikuwa ametunza hasira zake vizuri kwa ajili ya mwanamke yule, na sasa hakujua azipeleke wapi.

Kilichobaki kilikuwa ripoti ya chuo. Chuo kilitaka aeleze amejifunza nini, na kwa siku kadhaa hakuvuka kichwa cha habari. Alikaa mezani kwa mama yake, kati ya vipande vya vitambaa, kalamu mdomoni.

"Andika ulichokiona," mama alimwambia.

"Nikiandika nilichokiona watasema nina kinyongo."

"Unacho?"

"Ninacho."

"Basi andika na hicho. Kisimbakie mtu tumboni."

Akaandika yote, tangu bluu mpaka spana, na majina ya idara zote. Mhadhiri aliirudisha ikiwa na alama ya wastani na neno moja pembeni: "Nadharia?" Kitinda aliitazama alama ile ya kuuliza, akaweka ripoti chini ya godoro, akaenda kumshikia mama yake upande wa pili wa shuka lililokuwa linakunjwa. Mjomba naye bado huuliza, kila akija, kama mpwa wake atarudi kwenye ile kampuni. Kitinda humjibu kwamba koo halijapona vizuri.